Vigingi Kumi na Viwili

Jana mchana tuliuchoma msitu, ekari mia mbili na kumi
za misonobari, huku Georgia kusini,
na moto ulikuwa mtiifu:
ulikula majani makavu, ukala miiba,
ukasimama pale Lamar alipoutaka usimame.
Kibali mfukoni. Upepo wa kusi-magharibi.
Moshi ulipanda, ukanyooka, ukaenda zake,
na saa kumi jioni tukapeana mikono myeusi kwa masizi.

Basi nini kimeniweka hapa, saa nane na nusu za usiku,
ndani ya gari baridi kando ya Daraja la Bluford,
na kahawa iliyopoa, na tochi, na redio ya mkononi?

Kisiki.
Si kimoja. Nilihesabu kumi na saba kabla ya giza,
na gogo moja lililojilaza ukingoni mwa kinamasi
likitafuna moto wake kwa ndani
kama mtu anayemeza neno.

Kitendawili.
Tega.
Sina miguu, nateremka bondeni.
Sina kitanda, nalala juu ya maji.
Nikikutana na mwenzangu alfajiri, twazaa ukuta.

Mwenzake ni ukungu. Wakiwa mbali mbali
dereva hupunguza mwendo, hukohoa, hupita.
Wakishikana, taa za gari hurudi
zikamchoma macho mwenye gari.

Nimepigilia vigingi kumi na viwili kando ya lami,
hatua ishirini baina ya kimoja na kingine,
kila kimoja na utepe wake unaong'aa.
Kila robo saa nawasha taa, nahesabu.
Lori lililoshiba mzigo huhitaji vigingi saba ili lisimame.
Sheria haitaji vigingi. Sheria yasema: kwa busara.

Saa tisa: kumi na viwili.
Na robo: kumi na viwili.
Na nusu: kumi na kimoja, au ni macho yangu?
Nayapangusa. Kumi na kimoja.

Mwaka jana, Februari, niliifunga barabara hii
na ukungu haukuja. Nyota zilikaa mpaka zikachoka.
Odell Crumley na lori lake la kuku
alizunguka maili kumi na tisa kwa ajili yangu.
Hadi leo, dukani, hunisalimia mbele ya watu:
"Verlene, leo unaona?"
Wanacheka. Nami nacheka, nahesabu chenji yangu.

Saa kumi kasoro robo: tisa.

Tisa si saba.
Lakini kisima hakingoji mtoto atumbukie ndipo kifunikwe.
"Lamar, nifunge?"
Redio inakwaruza. "Wewe ndiye uliyeko huko."
Ndiyo. Mimi ndiye niliyeko huku.

Kinga na kinga ndipo moto uwakapo;
ya jana ilikuwa na kaa nchani,
ya leo ni mwanamke wa miaka hamsini na minne
anayeburuta kizuizi cha mbao peke yake,
anapanga koni, anawasha taa mbili nyekundu,
na kumwomba Mungu, kwa aibu, ukungu uje.

Ukaja.
Nane. Sita. Halafu sikuona hata cha kwanza.
Niliunyosha mkono, ukaniishia kwenye kiwiko.
Weupe wenye harufu ya utomvu ulioungua,
mzito, hauna juu wala chini.

Kisha injini, mbali. Kisha karibu.
Breki zikalia, zikanyamaza.
Sikuliona lori. Nilinusa kuku.
Mlango. Buti mbili juu ya lami.

"Verlene?"
"Naam."
"Uko wapi?"
"Hapa."
"Hapa wapi?"

Hakuna aliyecheka.
Nikakipapasa kigingi cha kwanza, nikakigonga kwa tochi,
ngo, ngo, ngo,
apate sauti ya kuifuata.